Mtoto akiingia kizimbani mwa mnyama, nani apandishwe kizimbani?

Gorila watatu wamejulikana dunia nzima kwa sababu ya mtoto aliyeanguka miguuni pao, na wote watatu walikuwa na majina ya Kiswahili. Jambo aliishi kisiwani Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, na tukio lake ni la 1986. Binti Jua alikuwa Brookfield, nje kidogo ya Chicago, Marekani, mwaka 1996. Harambe alikuwa Cincinnati, Marekani pia, mwaka 2016. Jina lake ni harambee yetu hii hii, imepoteza herufi moja njiani. Wawili wa kwanza walishangiliwa na kuitwa mashujaa. Wa tatu alipigwa risasi akafa, na siku chache baadaye zaidi ya watu 500,000 walikuwa wametia sahihi ombi la kutaka wazazi wa mtoto yule wawajibishwe.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Kila mwaka naongoza safari ya watoto kwenda kuona wanyama, kwa hiyo kwangu haya si mabishano ya kupitisha jioni. Nikisikia mtoto ameingia kwa mnyama, moyo wangu humwendea kwanza mtu mzima aliyekuwa naye, maana angeweza kuwa mimi. Nimeyachukua matukio yanayotajwa mara kwa mara, nimeyaweka bega kwa bega, na nimewapima wanaolaumiwa mmoja mmoja: mzazi, bustani ya wanyama, mkaguzi, hata yule aliyeshika bunduki. Anayetaka kuchagua wa kumlaumu achague akiwa ameyaona yote. Na anayetaka kuchagua pa kuwapeleka watoto wake, kuna vitu vya kuangalia ambavyo nitavitaja mwishoni.

Swali ninaloanza nalo kila mara ni moja. Mtoto alivukaje? Kwa miguu yake mwenyewe, au kwa mikono ya mtu mzima?

Mama wawili wa Ohio

Cleveland na Cincinnati ziko jimbo moja, Ohio, na matukio yao yamepishana kwa mwaka mmoja na wiki chache tu. Sijaona jozi nyingine inayoonyesha jambo hili waziwazi kama hii.

Aprili 2015, katika bustani ya Cleveland, mama alimnyanyua mwanawe wa miaka miwili juu ya uzio ili awaone duma vizuri. Walioshuhudia walisema alimning'iniza kabisa upande wa pili. Mtoto akamponyoka, akaanguka walipo duma. Wazazi waliruka ndani wakamtoa, duma hawakumsogelea, na mtoto akatoka na jeraha la mguu. Bustani yenyewe ilitaka mama achukuliwe hatua, na kweli alishtakiwa kwa kumweka mtoto hatarini.

Mei 28, 2016, Cincinnati. Mtoto wa miaka mitatu yuko na mama yake, na mama ana watoto wengine wa kuangalia. Mtoto akapenya kwenye uzio wa vyuma na nyaya wenye kimo cha kama sentimita 91, akatambaa kwenye vichaka vilivyopandwa nyuma yake, kisha akaporomoka mita 4 na nusu hivi hadi kwenye handaki lenye maji machache. Watunzaji waliwaita gorila wote warudi ndani. Majike wawili wakatii. Harambe hakutii. Alikuwa dume wa kilo 200, na siku moja kabla alikuwa ametimiza miaka 17. Alimshika mtoto, akamburuta majini, akamsimamisha, akamburuta tena, na watu juu wanapiga mayowe. Baada ya dakika kama kumi, risasi.

Juni 6 mwendesha mashtaka wa kaunti ya Hamilton, Joe Deters, alitangaza kwamba hatamshtaki mama. Maelezo yake yalikuwa kwamba mama hakuwa amejisahau, na kwamba mtu asiyeamini jinsi mtoto wa miaka mitatu anavyoweza kuchomoka upesi hajawahi kulea mtoto.

Sasa waweke hao mama wawili pamoja. Wa Cleveland alimvusha mtoto kwa mikono yake. Wa Cincinnati aliponyokwa na mtoto aliyevuka kwa miguu yake. Sheria iliwatofautisha, na naona iliwatofautisha vizuri. Watu mitandaoni walifanya kinyume. Yule wa Cleveland alisemwa siku mbili tatu akasahaulika, kwa sababu duma hawakudhurika. Yule wa Cincinnati alitukanwa mwezi mzima, rangi yake ikatajwa, na hata maisha ya nyuma ya baba wa mtoto, ambaye siku hiyo hakuwepo, yakafukuliwa yakaanikwa. Hasira ilimfuata mnyama aliyekufa, haikufuata kosa. Na mimi nawaelewa waliomlilia Harambe, kwa kuwa nami nililia. Ila nilipopima kosa lenyewe, mizani haikulalia kwa mama yule.

Kuna kipimo kimoja kinachonisumbua. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa miaka mitatu ana wastani wa sentimita 96 kwa urefu. Uzio ulikuwa na sentimita 91. Watoto ninaowafundisha wa umri huo wanapanda meza yangu, na meza yangu haina nyaya za kukanyagia.

Nilipoinama kufunga kamba ya kiatu

Nieleze lililonipata, kwa kuwa ndilo lililonitoa kwenye kundi la wanaouliza "mama alikuwa wapi?"

Tulikuwa na watoto 24 na walimu wanne. Mahali penyewe sitapataja. Palikuwa na bwawa la mamba, limezungushiwa uzio wa mabomba mawili ya mlalo, moja usawa wa kiuno changu na jingine usawa wa goti. Kati ya mabomba hayo hapakuwa na kitu. Chini ya uzio kulikuwa na ukuta unaoshuka hadi kwenye mchanga, na kwenye mchanga mamba watano au sita walikuwa wamelala na midomo wazi, hawajitikisi. Watoto waliamini ni sanamu. "Mwalimu, hawa ni wa simenti," mmoja akaniambia, akalia machozi nilipokataa.

Nilihesabu vichwa, vikatimia. Binti mmoja akaninyooshea mguu, kamba ya kiatu imefunguka. Nikainama nikafunga fundo, nikafunga na la pili ili lisifunguke tena. Nilipoinuka, nilimwona mlinzi wa pale, mzee mwenye kofia ya kufuma, ameshika mkanda wa begi la mgongoni la mtoto mmoja. Kichwa cha mtoto na bega moja vilikuwa vimeshapita kati ya mabomba. Alichomkwamisha ni lile begi, lenye chupa ya uji na taulo.

"Mwalimu, huyu wako?" mzee akauliza, sauti yake ya kawaida kabisa.

Nilijibu wangu, mzee wangu, nikampokea mtoto, na miguu yangu ikakataa kusimama. Nikakaa chini palepale kwenye changarawe. Tangu niiname hadi niinuke hazikufika sekunde ishirini. Walimu wenzangu watatu walikuwepo, na kila mmoja alikuwa akifanya jambo la haki: mmoja anapangusa kamasi, mwingine anagawa maji, wa tatu anajibu swali kuhusu meno ya mamba. Hakuna aliyekuwa kwenye simu. Kama mtoto yule angeanguka, picha ya kwanza kusambaa ingekuwa yangu, na maandishi chini yake nayajua hadi nukta.

Mtu mzima anayeangalia watoto hupepesa macho. Hilo si utetezi wa uzembe, ni jinsi mwili ulivyo, na anayejenga uzio wa mamba anajua hilo kabla hajachimba shimo la nguzo ya kwanza. Kwa hiyo mtoto akivuka kwa miguu yake, mimi huanza na mwenye uzio.

Pittsburgh, mahali panapouma zaidi

Kipimo changu cha miguu na mikono kinasimama imara hadi kinapofika Pittsburgh.

Novemba 4, 2012, mama alimnyanyua mwanawe wa miaka miwili kwenye ukingo wa jukwaa la mbao lililokuwa juu ya eneo la mbwa mwitu wa Afrika, wale wenye madoadoa. Mtoto akateleza. Chini ya jukwaa kulikuwa na wavu. Akaugonga, ukamrusha, akaangukia ndani. Mbwa walikuwa 11. Watunzaji waliwaita, baadhi wakaitikia, na mmoja aliyekataa kuondoka akapigwa risasi na polisi. Mtoto hakupona.

Kwa kipimo changu mkono ulikuwa wa mama. Hilo siwezi kulizunguka. Lakini wazazi walipofungua kesi, madai yao yalikuwa kwamba bustani ilijua wageni wana kawaida ya kuwanyanyua watoto kwenye ukingo ule, na kwamba mfanyakazi alikuwa ameshaonya. Kesi haikufika hukumu. Walimalizana nje ya mahakama mwaka 2014, kwa hiyo hakuna hakimu aliyetamka kama madai yale yalikuwa ya kweli. Mwendesha mashtaka wa kaunti, Stephen Zappala, alikataa kumshtaki mama. Wizara ya kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo husimamia bustani za wanyama kwa mujibu wa sheria ya ustawi wa wanyama ya 1966, iliitoza bustani faini ya dola 4,550.

Dola 4,550. Nimeisoma tarakimu hiyo mara nyingi nikidhani sifuri imeruka.

Mnielewe, simvui mama wajibu wake. Kumkalisha mtoto juu ya ukingo wenye wanyama wala nyama chini yake ni kosa, na mzazi yeyote anayesoma hapa akiona mwenzake anafanya hivyo amwambie palepale, bila haya. Ila tujiulize kwa nini alimnyanyua. Mtoto wa miaka miwili alikuwa mbele ya kizuizi kisichomruhusu kuona. Ukijenga mahali pa kutazamia wanyama, ukawakaribisha watoto, halafu ukaweka ubao usawa wa macho yao, umeshawaambia wazazi wawabebe. Kama pangewekwa kioo tangu mwanzo, mikono ya mama ingebaki chini. Kwa Pittsburgh, basi, nagawa lawama sehemu mbili, na sehemu kubwa kidogo naipa bustani. Najua wapo watakaonipinga hapa, na hoja yao ina uzito.

Tukio la San Diego halina mgawo. Machi 2021 baba alivuka na bintiye wa miaka miwili mikononi hadi ndani ya eneo la tembo, apige picha. Tembo akawajia kwa kasi, baba akakimbia, binti akamponyoka mara moja njiani, wakawahi kutoka. Polisi walimkamata kwa kumhatarisha mtoto. Hakuna uzio unaojengwa kumzuia baba aliyeamua.

Mwenye kizimba

Kinyume kabisa na tukio la San Diego, kuna siku ambazo mnyama ndiye hutoka. Hapo mzazi hana la kujibu. Machi 2004 gorila mwingine mwenye jina letu, Jabari, alitoka kizimbani Dallas akajeruhi watu wanne, watoto wadogo wakiwemo, kabla polisi hawajampiga risasi. Sikukuu ya Krismasi 2007 chui milia Tatiana wa San Francisco alitoka akamuua kijana wa miaka 17. Ukuta wa handaki lake ulipopimwa ulikutwa na kama mita 3.8. Chama cha bustani za wanyama za Marekani kilikuwa kinapendekeza mita 5. Ukuta ule ulikuwa umesimama hivyo miaka na miaka na watu wanapita mbele yake wakila aiskrimu.

Nimelitaja hilo kwa sababu linaonyesha mzigo wa sheria ulipo. Sheria ya Uingereza ya 1971 kuhusu wanyama inasema anayefuga mnyama wa jamii ya hatari analipia madhara yake bila hata kuthibitishwa kwamba alizembea. Anaponyoka, kwa mfano, iwapo madhara yametokana na kosa la aliyeumia mwenyewe peke yake, au kama mtu huyo aliikubali hatari kwa hiari. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili. Marekani hali si moja: zipo mahakama ambazo kwa bustani zinazofunguliwa kwa umma hutaka kwanza uzembe uthibitishwe.

Na kwetu? Kenya ina sheria ya wajibu wa mwenye mahali kwa wageni wake, Sura ya 34, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya 1957. Ndani yake kuna maneno ambayo ningependa yabandikwe kwenye kila lango la kulipia kiingilio: mwenye mahali lazima awe tayari kwamba watoto watakuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Haisemi wazazi watakuwa tayari. Inamtaja mwenye mahali. Kibao kinachosema "uongozi hautahusika na ajali yoyote" hakiufuti wajibu huo kwa mtoto asiyejua kusoma.

Ukitaka kuona uwajibikaji uliopangwa vizuri, nenda wanakoishi gorila wa milimani wenyewe. Rwanda, Uganda na Kongo, mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kuwatazama msituni. Mzazi haulizwi kama anamwamini mwanawe. Hata awe mtulivu kama maji ya mtungi, hapandi. Wanaowajua gorila kwa kuishi nao hawakuliacha jambo hilo mikononi mwa baba aliyelipia tiketi ghali na hataki kurudi bure.

Mkaguzi ambaye hakuna anayemtaja

Huyu ndiye anayeniudhi kuliko wote, maana kila mara hutoka nje ya mazungumzo akiwa msafi.

Eneo la gorila la Cincinnati lilifunguliwa 1978. Kwa miaka 38 hakuna mgeni aliyewahi kuingia kwa gorila, na uongozi uliitaja rekodi hiyo kama utetezi. Wakaguzi wa wizara ile ya kilimo walikuwa wanapita, wanatazama, wanaandika, hawaoni tatizo na uzio. Kisha mtoto akapita. Mwaka huo huo ripoti ya wizara hiyo hiyo ikasema kizuizi kile hakikuwa kinatimiza masharti, na ikaongeza kwamba kikosi cha dharura cha bustani kilifuata taratibu ipasavyo, na kwamba uzio ulirekebishwa mara moja.

Soma tena mpangilio huo. Uzio ni ule ule, nyaya zile zile. Ulifaa hadi siku mtoto alipopenya, kisha ikaonekana haukufaa. Kama kipimo cha uzio ni kusubiri mtoto aupite, basi mkaguzi hana kazi. Kazi yake ingekuwa kuja na mtoto wa miaka mitatu, au walau na fimbo ya urefu wa mtoto wa miaka mitatu, na kuuliza: huyu anapita wapi?

Na marekebisho yenyewe yalikuwa nini? Juni 7, siku kumi baada ya kifo cha Harambe, eneo lilifunguliwa likiwa na uzio wa sentimita 107, boriti za mbao juu, wavu wa kamba uliosukwa chini, na kamera tatu. Nyongeza ya kimo ni sentimita 15 hivi, na wavu. Siku kumi zilitosha kuyafanya hayo yote. Miaka 38 iliyotangulia haikutosha.

Aliyefyatua

Hapa sikai sana. Wengi waliuliza kwa nini Harambe hakudungwa sindano ya usingizi. Mkurugenzi wa bustani, Thane Maynard, alieleza kwamba dawa huchukua dakika kadhaa kushika, na mshale wenyewe ungemshtua dume lililokwisha kupandwa na mori huku limemshika mtoto. Namwamini. Mtaalamu maarufu wa wanyama Jack Hanna naye aliunga mkono uamuzi ule.

Wanaompinga humleta Jambo na Binti Jua kama ushahidi. Tuwaweke pamoja basi. Kule Jersey mtoto wa miaka mitano alianguka akazimia. Jambo akasimama kati yake na gorila wengine, akampapasa mgongo, na mtoto alipozinduka akalia, Jambo akaondoka na wenzake, watu wakashuka kumchukua. Kule Brookfield Binti Jua alikuwa jike aliyelelewa na binadamu tangu uchanga, na watunzaji walikuwa wamemfundisha kubeba mtoto kwa kutumia mwanasesere. Siku ile alimbeba yule mvulana wa miaka mitatu hadi kwenye mlango wa watunzaji, na mwanawe Koola yuko mgongoni kwake muda wote. Huku watunzaji walikuwa wanawarudisha gorila wengine nyuma kwa mipira ya maji.

Matukio hayo yana mtoto aliyezimia, au jike aliyefundishwa. Cincinnati kulikuwa na mtoto aliye macho, dume asiyetii mwito, maji, na umati unaopiga kelele. Sioni namna ya kumwambia aliyekuwa na bunduki asubiri aone kama huyu naye atakuwa Jambo. Kosa lilikwisha kufanyika kabla hajaitwa, na lilifanyika kwenye uzio.

Kuna jambo moja tu nawaomba wanaowasifu Jambo na Binti Jua walikumbuke. Matukio hayo mawili yalikuwa na mtoto aliyeanguka kizimbani, sawasawa na Cincinnati. Kwa sababu mwisho ulikuwa mzuri, hasira juu ya wazazi haikuwaka kama ile ya Cincinnati, na wale walioujenga ukuta nao hawakuandamwa. Gorila hawa wawili walibeba wajibu wa watu, tukawapigia makofi, tukaendelea na safari.

Ukichagua pa kwenda

Mzazi au mwalimu anayepanga safari anaweza kuchagua mahali kwa kutazama kizuizi kabla ya kutazama orodha ya wanyama. Nikiambiwa nichague, kioo kizito kinachofika chini ndicho cha kwanza kwangu, bila kusitasita. Mtoto anaona akiwa amesimama kwa miguu yake, hakuna haja ya kumbeba, hakuna pa kukanyaga. Hasara yake ni mwanga na alama za vidole, na watoto kugonga kioo na kumkera mnyama. Hizo ni hasara ninazoweza kuishi nazo.

Wavu wa chuma uliosukwa kwa matundu madogo unafuata, mradi kuwe na nafasi kati yake na mahali watu wanaposimama, maana vidole vya mtoto hupita na simba ana kucha ndefu. Handaki linapendeza macho na mnyama anaonekana kama yuko porini, ila handaki lenyewe humzuia mnyama tu. Halimzuii mtoto. Kwa mtoto handaki ni shimo, na kinachomlinda ni kile kiuzio cha juu. Ukifika penye handaki, usilitazame handaki. Tazama kiuzio. Jukwaa la juu lenye ukingo wa kuegemea, lile la namna ya Pittsburgh, mimi na watoto wa chini ya miaka sita hatupandi kabisa, hata kama chini kuna swala.

Piga simu kabla ya kwenda na uulize mlinzi wa zamu anakaa wapi, si kama yupo. Wengi watakuambia yupo, na kumbe yuko getini anakata tiketi. Uliza pia mtu akiingia kizimbani, wanafanya nini dakika ya kwanza. Mahali penye mpango watakujibu bila kufikiri. Mahali pasipo na mpango watacheka, watakuambia haijawahi kutokea. Cincinnati nako haikuwa imewahi kutokea.

Idadi ya walimu nimeibadilisha. Watoto 24 sasa wanaenda na watu wazima wanane, wazazi watatu wakiwemo, na mmoja wetu hana kazi nyingine yoyote zaidi ya kusimama kwenye uzio akiwatazama watoto, mgongo kwa mnyama. Hafungi viatu, hagawi maji, hajibu maswali. Tunapokezana kila kizimba, kwa sababu huyo ndiye asiyeona wanyama. Na mtoto hanyanyuliwi. Asiyeona kwa kimo chake tunampeleka penye kioo.

Baada ya siku ile ya mamba niliwaandikia wenye mahali pale barua ya ukurasa mmoja. Sikutishia kesi wala sikulaumu mtu. Niliandika urefu wa nafasi kati ya bomba la juu na la chini, nilioupima kwa rula ya darasani, na chini yake upana wa kichwa cha mtoto wangu mwembamba kuliko wote, nilioupima kwa rula hiyo hiyo. Hawakujibu. Mwaka uliofuata nilikwenda peke yangu kwanza, bila watoto, nikamkuta yule mzee mwenye kofia ya kufuma amechuchumaa kando ya bwawa na koleo mkononi, anafunga wavu wa kuku kwenye mabomba kwa waya, kipande baada ya kipande. Alikuwa ameshafika nusu ya uzio. Nikachuchumaa nikamshikia upande wa pili.